Kijito Kilipokauka

Kutoka Lodwar kwenda Kakuma tunavuka laga nyingi kavu. Pale Kakuma, mto Tarach ukikauka, akina mama huchimba mchangani mpaka maji yaonekane.

Somo letu ni 1 Wafalme 17. Eliya alikaa penye kijito cha Kerithi kwa agizo la Mungu mwenyewe, na bado kijito kikakauka. Tuliangalie sana jambo hili. Mifugo ikifa kwa ukame, wengi wetu huuliza ni dhambi gani tumetenda. Lakini Eliya alikuwa ametii.

Ndipo akatumwa Sarepta, ugenini, kwa mjane aliyebakiwa na unga kidogo na mafuta kidogo. Ndugu zetu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wanaujua unga huo wa kupimwa; mwaka 2025 posho yao ilipunguzwa sana. Mungu hakumpeleka nabii kwa tajiri. Alimpeleka kwa mwenye njaa mwenzake, nao wakala pamoja.

Baadaye mtoto wa mjane akafa. Hapo Eliya hakutafuta maneno laini. Alimlilia Mungu, akamwuliza kwa nini msiba umemfika hata huyu aliyemkaribisha. Mungu hakumkemea kwa kuuliza hivyo. Alimsikia, na mtoto akawa hai.

Usiku huu tuisome sura hiyo pamoja na watoto wetu, kisha tumwambie Bwana waziwazi ile shida tunayoogopa hata kuitaja.