Handaki moja, nchi mbili: moto wa Mont Blanc na malori ya leo

Na Mwandishi Wetu, Habari za Kanda

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Malaba au Rusumo hahitaji kuelezwa maana ya jambo moja kuwa na wasimamizi wawili. Kabla ya vituo vya pamoja vya mpakani, lori lilisimama upande huu, likasimama tena upande ule, karatasi zilezile zikigongwa mihuri na watu wasiozungumza wao kwa wao. Kwetu hasara yake ilikuwa siku za foleni na mizigo iliyooza. Katika milima ya Alps, kati ya Ufaransa na Italia, mpangilio wa namna hiyo ulichangia vifo vya watu 39.

Handaki la Mont Blanc lina urefu wa kilomita 11.6. Lilifunguliwa mwaka 1965, likiunganisha Chamonix upande wa Ufaransa na Courmayeur upande wa Italia. Ni tundu moja tu, magari yakipishana humo ndani kwa njia mbili. Kila nchi ilikuwa na kampuni yake na chumba chake cha udhibiti, na kila kampuni ikasimamia nusu yake.

Asubuhi ya Machi 24, 1999, lori kutoka Ubelgiji liliingia kwa upande wa Ufaransa likiwa na unga na majarini, ile ambayo wengi wetu tunaiita blubandi. Lilianza kutoa moshi likiwa linatembea. Madereva waliokuwa wakija mbele walimwashia mwenzao taa kumwonya. Aliposimama, karibu na katikati ya handaki, moto ulilipuka chini ya kabini, naye akakimbia kwa miguu kuelekea Italia.

Mzigo ule haukuhesabiwa kuwa wa hatari. Hapa msomaji anayesafirisha mafuta ya kula au sabuni atulie kidogo. Majarini ikiyeyuka ni mafuta, na tani kadhaa za mafuta ndani ya tundu lisilo na pa kupumulia hazitofautiani sana na tangi la petroli. Moto uliwaka kwa saa 53.

Kilichoua wengi ni moshi. Upepo ndani ya handaki ulikuwa ukivuma kutoka Italia kwenda Ufaransa, ukiusukuma moshi mzito juu ya magari yaliyoingia nyuma ya lori lile. Wakati Wafaransa walihitaji moshi unyonywe, upande wa Italia feni ziliendelea kuingiza hewa safi, na hewa hiyo ikaulisha moto. Kila chumba kilikuwa kikifanya kazi yake, lakini hapakuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua kwa handaki zima. Wengi wa waliokufa walikutwa ndani ya magari yao. Vyumba vya kujihifadhi vilikuwepo, lakini vilijengwa kustahimili moto kwa saa chache tu, na havikuwa na njia ya kutokea.

Handaki lilifungwa kwa takriban miaka mitatu. Malori yalilazimika kuzunguka, mengi yakipitia handaki la Fréjus. Mwaka 2005 mahakama ya Bonneville, Ufaransa, iliwatia hatiani watu na taasisi kadhaa kwa uzembe.

Lilipofunguliwa tena Machi 2002, badiliko kubwa kuliko yote halikuwa mashine. Lilikuwa la usimamizi: chombo kimoja cha nchi zote mbili na amri moja kwa handaki zima. Teknolojia iliyofuata ingekuwa mapambo tu bila hilo.

Sasa kuna vyumba 37 vya kujihifadhi, kimoja kila baada ya mita 300, vikiunganishwa na njia ya kutorokea iliyo chini ya barabara. Mitambo 116 ya kunyonya moshi imepangwa kila mita 100, ili moshi utolewe pale pale ulipo badala ya kusambazwa. Vikosi vya zimamoto vipo kwenye milango yote miwili na katikati ya mlima.

Kamera hazimsubiri mtu aliyekodolea skrini macho usiku kucha. Programu inachambua picha yenyewe: gari limesimama, mtu anatembea kwa miguu, moshi unatokea, na kengele inalia chumbani ndani ya sekunde. Katika mahandaki mengi ya kisasa, waya wa faiba hulazwa darini kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwanga unaopita ndani yake husaidia kupima joto na kuonyesha ni mita ipi imeanza kupanda.

Kifaa ninachokiona kuwa na maana zaidi kwa wenye malori kiko nje, kabla ya kuingia. Lori lililopanda mlima mrefu hufika mlangoni injini na breki zikiwa zimechemka. Kwenye njia za kufikia Mont Blanc, na pia kwenye handaki la Gotthard nchini Uswisi, malori hupita kwenye lango lenye kamera zinazosoma joto la magurudumu, injini na bomba la moshi. Likizidi kiwango, lori huwekwa pembeni lipoe au likaguliwe. Gotthard wana sababu yao: Oktoba 24, 2001, malori mawili yaligongana humo na watu 11 wakafa. Wengine wengi waliokolewa na njia ya dharura iliyojengwa sambamba na handaki.

Dereva naye ana wajibu. Mont Blanc mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 70 kwa saa wala kushuka chini ya 50, na kati ya gari na gari ziachwe mita 150. Wanaojua jinsi malori yanavyofuatana mkia kwa kichwa pale Mariakani wataona ugumu wake.

Upande wa mazingira umeachwa bila suluhu. Vihisi vya moshi na hewa chafu huziongezea au kuzipunguzia feni kasi kulingana na magari yaliyomo, na taa za mlangoni hufuata ukali wa jua la nje, hivyo umeme hautumiki bure. Malori ya zamani yenye moshi mwingi yamezuiwa. Lakini Italia inataka tundu la pili lichimbwe, na wakazi wa bonde la Chamonix wanapinga kwa kuhofia malori zaidi na hewa chafu zaidi. Hakuna programu itakayowaamulia hilo.

Kwetu, mfumo wa RECTS unaofuatilia mizigo katika Kenya, Uganda na Rwanda tayari unawezesha nchi zaidi ya moja kuliona lori lile lile. Unaonyesha liko wapi na kama kufuli limeguswa. Haupimi joto la breki zake linapoteremka mteremko mrefu, na malori yetu yanateremka mingi. Lango la kamera za joto halihitaji handaki. Lingeweza kuwekwa kwenye mizani, ambako lori husimama kwa vyovyote. Swali ambalo wizara za uchukuzi zingepaswa kulijibu kabla ya kununua kamera hizo ni hili: lori likionekana limechemka upande mmoja wa mpaka, nani wa upande wa pili atapigiwa simu, na ana mamlaka ya kulisimamisha?