Mwenye Magazeti Aliyemzalisha Fifinella

Mwezi wa Mei 1916, Uingereza ilipokuwa katika Vita Kuu ya Kwanza, mashindano ya Derby hayakufanywa Epsom kama ilivyo desturi, bali Newmarket. Aliyewapita madume wote alikuwa mtamba wa farasi mwenye hasira nyingi, jina lake Fifinella. Siku mbili baadaye alirudishwa uwanjani, akashinda na Oaks, ambayo ni ya mitamba peke yao.

Mwenyewe alikuwa Edward Hulton wa Manchester. Baba yake, ambaye naye aliitwa Edward Hulton, alikuwa mpangaji wa herufi katika gazeti la Manchester Guardian, na pamoja na kazi hiyo alikuwa akiandika ubashiri wa mashindano ya farasi. Mwaka 1871, kwa msaada wa fedha za mfanya biashara mmoja wa pamba, alianzisha karatasi yake mwenyewe, iliyokuja kuitwa Sporting Chronicle. Basi jamaa hii ilikula chakula cha farasi kabla ya kumiliki farasi hata mmoja.

Mwana alirithi kazi mwaka 1904. Mwaka 1909 alianzisha Daily Sketch, gazeti la picha, na mwaka 1915 akanunua Evening Standard la London.

Fifinella hakununuliwa mnadani. Hulton alimzalisha kwa jike wake Silver Fowl, aliyepandwa na Polymelus, dume mashuhuri wa siku zile. Wako wafugaji, hata wa ng'ombe, wanaouliza habari za dume tu, mama wasimtaje. Lakini Silver Fowl huyo huyo, kwa dume mwingine, alikuwa amekwisha kumzaa Silver Tag, aliyeshinda Cambridgeshire mwaka 1915. Kisha akamzaa Silvern, mshindi wa Coronation Cup mwaka 1921. Mafanikio kama hayo hayawezi kuitwa bahati.

Afya ya Hulton ilipodhoofika, aliyauza magazeti yake mwaka 1923. Farasi hakuwaacha: mwaka 1924 Straitlace alimpatia Oaks ya pili. Mwaka uliofuata Hulton alifariki dunia, na farasi wake wakauzwa. Mwanawe alirudi katika kazi ya magazeti, na mwaka 1938 akaanzisha Picture Post.

Tangu siku ile ya Newmarket hadi mwaka 2025, hakuna mtamba mwingine aliyeshinda Derby.