Nyumba za Pate na Safari ya Kaburini

Pate ilipokuwa na neema, kuta za nyumba zake zilipambwa kwa vidaka vya chokaa, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kaure vilivyovuka bahari kutoka China. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 mji huo, ulio katika visiwa vya Lamu, ulikuwa umedhoofishwa na vita na uhasama wa muda mrefu. Sharifu mmoja wa huko, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyatazama magofu yake akatunga Al-Inkishafi, utenzi ambao hadi leo hakuna shairi la Kiswahili linalozungumzia mauti kwa nguvu kuushinda.

Nguvu hiyo inatokana na nyumba. Badala ya kuanza na kaburi, mshairi anauhoji moyo wake mwenyewe: kwa nini unang'ang'ania dunia, na roho ni taa iliyowekwa penye upepo? Kisha anauonyesha matajiri wa Pate walivyoishi, taa zao, vitanda vyao, watumishi wao. Msomaji akishazoea fahari ile, anageuziwa macho: popo wananing'inia darini, bundi wanalia, ndege wamejenga viota ndani ya vidaka. Wenye nyumba wako chini ya udongo, miili yao chakula cha wadudu. Hapo kifo kimepata anwani, kwa kuwa kila aliyeijua Pate aliweza kwenda kuyaona magofu hayo mwenyewe.

Hata umbo la utenzi linasaidia. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu hubadili kina chake, wa nne hushika kina kilekile toka mwanzo hadi mwisho. Moyo ukitafuta pa kukimbilia, kina kinaurudisha palepale. Mwishoni inakuja Siku ya Hukumu, na mioto ya Jahanamu inatajwa kwa majina, mmoja baada ya mwingine.

Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham aliitazama ahera kwa jicho la mama. Alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa hichohicho cha Pate. Anamwita binti yake asogee na wino na karatasi, amwachie wasia. Katika beti zake, siku ya ufufuo mume ndiye atakayeulizwa, na hatima ya mkewe itategemea jibu lake. Ni picha ngumu kwa wasomaji wengi wa leo, na wana haki ya kuihoji. Lakini aliyeiandika alijua muda wake ni mfupi, akataka mwanawe apate njia iliyo salama kadiri yeye alivyoielewa.

Katika karne ya 20, mshairi Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina. Shairi alilomtungia limo ndani ya tawasifu yake, Maisha Yangu, katikati ya nathari, pale anaposimulia ndoa yao. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake na Mwana Kupona anamsemesha bintiye. Shaaban anamsemesha marehemu mwenyewe, kwa jina lake. Mioto ya Jahanamu haimo. Kuna mapenzi ambayo mauti hayakuyakata, na dua ya mume kwamba Amina apokelewe peponi.