Sisi na Morisi: Karafuu na Miwa

Wanachama wengi wanajua kwamba mikarafuu yetu ilitoka mbali, lakini si wengi wajuao ilipitia wapi. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanikiwa kupata miche ya visiwa vya Maluku mwaka 1770, ikapandwa Morisi. Na ni kutoka visiwa vya upande ule, mwanzoni mwa karne ya 19, karafuu ilipofika Unguja. Watu wa Morisi wenyewe hawakuishikilia. Kwao tufani huja mara kwa mara, na mti mrefu ukianguka umeanguka. Muwa ukilala huchipuka tena. Basi wakashika miwa.

Sisi tulilijua jambo hilo kwa uchungu mwaka 1872, tufani ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo shamba letu kubwa. Apandaye mkarafuu hungoja miaka sita, saba, hata minane kabla ya kuchuma. Morisi nao walipigwa na tufani ya Carol mwaka 1960. Ilipofika 1963 walivuna sukari nyingi kuliko walivyopata kuvuna.

Sisi tulipata uhuru Desemba 1963, wao Machi 1968, na sote tulisimama kwa mguu mmoja. Katika kila shilingi kumi za mali iliyopakiwa Port Louis, zaidi ya tisa zilikuwa za sukari. Kwetu ilikuwa karafuu na mafuta ya makonyo, kisha nazi. Mwingereza James Meade aliandika mwaka 1961 kwamba huko Morisi watu wanaongezeka mno na kazi haziongezeki. Mbele aliona giza. Bwana huyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Hata mwenye elimu kubwa hukosea.

Maana Morisi hawakung'oa miwa. Mwaka 1970 walitunga sheria ya kuvuta viwanda vya kuuza nje. Mwaka 1975 mkataba wa Lomé ukawapa soko la Ulaya: tani nusu milioni hivi za sukari kila mwaka, kwa bei iliyojulikana mapema na iliyozidi mara nyingi ile ya dunia. Hapa tungependa wanachama wasimame kidogo. Mkulima ajuaye bei ya mwakani aweza kukopa bila hofu na kuweka akiba. Wenye mashamba kule walitia faida ya sukari katika viwanda vya nguo, na katikati ya miaka ya 1980 nguo ziliipita sukari.

Sisi je? Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa katika sigara. Naye akapanda yake mwenyewe, hata miaka ya 1980 hakutuhitaji tena kama zamani, bei ikaporomoka. Mkataba wa kutukinga hatukuwa nao. Wala tusidai kwamba tulianza sawa: Morisi ilikuwa na benki yake tangu 1838.

Mwaka 2019 pato la Zanzibar, likigawanywa kwa vichwa, lilikuwa dola 1,100 hivi kwa mtu. La Morisi 11,000 hivi. Mara kumi!

Lakini hiyo ni hesabu ya kugawa tu. Huko bara, Kerende wilayani Tarime, jirani na mgodi, dhahabu yote huingia katika pato la nchi. Haina maana kwamba kila mlima mahindi wa kijijini ameishika. Kadhalika hoteli mpya ya pwani ya Unguja hukuza pato la Zanzibar, na mchumaji wa Wete asione senti. Kwa mkulima swali ni hili: katika bei ya dunia, yeye anapata kiasi gani? Mwaka 2011 Serikali iliinua sehemu yake hadi asilimia 80 hivi, na magendo ya kwenda Mombasa yakapungua.

Lililobaki ni bei kujulikana kabla ya msimu, kama ya sukari ya Morisi. Twaomba matawi yalizungumze kabla majamvi hayajatandikwa.