Stoo ya Mstaafu na Wageni wa Desemba

Nchini Tanzania mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari atimizapo umri wa miaka 55, na hulazimika kustaafu atimizapo miaka 60, umri uleule ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeuweka kuwa mwanzo wa uzee. Kwa hiyo siku moja tu ya kuzaliwa humtoa mtu kazini na kumwandikisha miongoni mwa wazee, hata kama mwili wake ungali na nguvu za kulima ekari mbili. Upande wa fedha wa tukio hilo umejadiliwa sana, hasa kikokotoo, yaani kanuni inayotumika kukadiria mafao ya mstaafu: utaratibu ulioanza Julai 2022 ulitenga asilimia 33 ya mafao ilipwe kwa mkupuo na iliyobaki ilipwe kila mwezi kama pensheni, kisha bajeti ya mwaka 2024/25 ikaupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu hapo zamani, na hadi asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata robo. Mjadala huo ni wa haki, lakini umeifunika habari nyingine isiyo na kanuni wala waziri wa kuisemea bungeni, nayo ni habari ya nyumba yenyewe: vitu vilivyojaa ndani yake, watu wanaokuja kuitembelea, na namna mambo hayo mawili yanavyotegemeana.

Mwalimu, muuguzi au karani wa mahakama aliyehamishwa vituo vinne au vitano katika utumishi wake huishi muda mrefu katika nyumba za serikali au za kupanga, huku akijenga kidogo kidogo kwao au pembezoni mwa mji. Anapostaafu, mwajiri ndiye anayegharimia safari yake na ya familia yake pamoja na mizigo hadi nyumbani kwao, na kwa kuwa lori limelipiwa, hakuna anayejiuliza kama ndoo iliyopasuka mpini inastahili kusafirishwa kutoka Songea hadi Same. Vyote hupakiwa, vyote hushushwa. Nyumba inayovipokea mara nyingi haijakamilika, kwa maana ya kwamba sebule na vyumba viwili vimepigwa lipu na kuwekwa dari, ilhali chumba cha nyuma kimeezekwa tu na kusubiri fedha. Chumba hicho ndicho kinachogeuka stoo, na mambo yanayokusudiwa kuwa ya mwezi mmoja hukaa miaka kumi.

Ni rahisi kuwacheka wazee kwa kutotupa kitu, na watoto wao huwacheka kweli, lakini tabia hiyo ina historia yake. Aliyefikisha miaka 60 mwaka 2025 alizaliwa mwaka 1965. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilimkuta akiwa kijana mdogo, na miaka iliyofuata aliipitia katika foleni, wakati sabuni, sukari, mafuta ya kula na nguo vilipokuwa adimu kiasi kwamba kujua siku ambayo duka la ushirika litapokea mzigo kulikuwa elimu ya maana. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi, yaani watu walioshukiwa kuficha au kulangua bidhaa, na mwaka uliofuata ndipo milango ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilipoanza kulegezwa. Mtu aliyeundwa na miaka hiyo haoni kopo tupu la siagi kuwa taka. Huona chombo cha kuwekea chumvi, kipimo cha mchele, au mche wa pilipili. Kwa kipimo hicho hata televisheni kubwa yenye chogo, iliyokaa stoo tangu picha ipotee, ina hoja ya kuwapo. Upande wa Bara matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1994 tu, na familia nyingi zilinunua seti ya kwanza kwa akiba ya miaka, majirani wakajaa sebuleni kuitazama. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012, seti hizo zililazimika kuungwa na king'amuzi, kisha zikapitwa na zile bapa. Kumwambia mzee aitupe ni kumtaka akubali kwamba ununuzi mkubwa wa maisha yake hauna tena thamani ya kulipiwa nauli.

Ushauri unaovuma duniani kuhusu kupunguza vitu nyumbani haukuandikwa kwa nyumba ya namna hii. Mwandishi wa Kijapani Marie Kondo amepata umaarufu kwa kufundisha kwamba mtu ashike kila kitu mkononi na abaki tu na kile kinachompa furaha, na mwandishi wa Uswidi, Margareta Magnusson, alichapisha mwaka 2017 kitabu kuhusu desturi ya kwao ya mzee kuisafisha nyumba yake mapema ili warithi wasiachiwe kazi hiyo baada ya kifo. Wote wawili wana hekima, na wa Uswidi ana hekima zaidi, lakini wote huanza na dhana kwamba kitu kilichomo nyumbani ni cha mwenye nyumba na kwamba yeye peke yake ndiye mwenye kauli. Katika nyumba ya mstaafu wa Tanzania dhana hiyo haisimami. Magodoro manane yaliyoviringishwa na kufungwa kamba hayampi mtu furaha yoyote kuanzia Februari hadi Novemba, bali hula nafasi na kuleta panya. Hata hivyo kuyagawa ni kuwaambia watoto na wajukuu kwamba Desemba watalala hotelini. Sufuria kubwa za shughuli zina madai ya ukoo mzima, kwa sababu msiba au harusi ya jirani ikitokea huja kuazimwa. Cherehani iliyoko pembeni ni ya shangazi aliyeiacha mwaka ambao hakuna anayeukumbuka vizuri, naye akija huiulizia.

Kwa hiyo wageni ndio sababu ya mrundikano, na wao ndio wanaoweza kuupunguza, na hapo ndipo ratiba ya mstaafu inapoingia. Siku zake za kawaida si tupu kama vijana wanavyodhani: alfajiri kuna ibada, kisha kuku na migomba, kisha kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, jumuiya, msiba wa kuhudhuria, mara nyingine mchezo wa bao jioni. Wageni wa katikati ya mwaka huja mmoja mmoja, na wale wa miezi ya kwanza baada ya mkupuo kulipwa huja na shida zinazofanana kwa namna ya kustaajabisha. Mkusanyiko halisi ni wa sikukuu na likizo za shule. Mkoani Kilimanjaro, ambako kila ukoo hushikilia kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa linalorithiwa kizazi hadi kizazi, mabasi ya wiki ya mwisho kabla ya Krismasi hujaa watu wanaorudi, na pwani na visiwani Idi hufanya kazi hiyohiyo. Kwa wiki moja au mbili wenye madai yote juu ya vitu vya stoo huwa chini ya paa moja, jambo ambalo halitatokea tena mpaka mwaka mwingine au mpaka msiba.

Nani basi aingie stoo? Swali hilo ni la adabu kabla halijawa la nguvu za kubeba. Katika jamii nyingi za nchi hii mkamwana hufuata miiko ya heshima mbele ya baba mkwe wake, haingii chumbani kwake na hashiki nguo zake, kwa hiyo hata akiwa hodari wa kupanga vitu hawezi kufungua sanduku la mzee bila kuvunja heshima. Binti wa kuzaa ana ruhusa kubwa zaidi, ila ana haraka, na mara nyingi huamua mambo kwa sauti ya juu mno. Mwenye ruhusa kamili ni mjukuu. Uhusiano wa babu na bibi na wajukuu wao ni wa utani, maana yake ni uhusiano ambamo maneno makali husamehewa kwa kuwa yamesemwa kwa mzaha. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, naye mjukuu hupewa haki ya kumuuliza bibi kwa nini anatunza mwavuli usiofunguka. Swali hilohilo likitoka kwa mtoto wa kuzaa huwa tusi. Familia zinazomwachia mjukuu wa miaka 15 kazi ya kutoa vitu uani kimoja kimoja, huku mzee akiwa kwenye kiti kivulini akiamua, humaliza kwa siku mbili kazi ambayo kwa ubishi ingechukua likizo nzima.

Vinavyotoka havistahili mjadala mmoja. Matairi, madumu yaliyokatwa na makopo yanayokusanya maji ya mvua yaondoke bila huruma, kwa sababu mbu aina ya Aedes anayeambukiza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga mayai katika maji ya vyombo kama hivyo. Dawa zilizopitwa na muda zirudishwe kwa mfamasia badala ya kutupwa shimoni. Mabati, fremu za baiskeli na majiko mabovu humfaa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni na mizani yake, na ni vema mjukuu asimame karibu na mizani hiyo. Njia za kupita, hasa kati ya kitanda na choo, zibaki wazi kabisa, kwa kuwa kuanguka ni hatari kubwa kwa watu waliovuka miaka 60, na nyonga iliyovunjika kwa sababu ya kukwaa mguu wa meza isiyotumika humaliza uhuru wa mtu aliyekuwa akijitegemea. Mifuko ya nguo za zamani nayo ipekuliwe kabla ya kutolewa: Benki Kuu ilizitoa katika mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, na dirisha la kuzibadilisha lilikuwa kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, hivyo akiba iliyosahauliwa chini ya godoro, ikiwa ni ya noti hizo, sasa ni karatasi ya kuonyesha watoto.

Karatasi nyingine ni mali kamili, na hapa pupa ya kusafisha huwa hatari kuliko uvivu. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo ndizo zilizothibitisha miaka ya utumishi wakati wa kudai mafao, na zitaulizwa tena ikiwa kuna mapunjo. Hati ya kiwanja, ambayo nchini Tanzania humpa mtu haki ya kumiliki ardhi kwa miaka maalumu kwa kuwa ardhi yote iko chini ya udhamini wa Rais, haina nakala itakayopatikana bila usumbufu. Mafaili hayo yapangwe katika sanduku moja, na angalau watoto wawili wajue lilipo. Pensheni yenyewe huendelea kulipwa kwa masharti ya uhakiki, yaani mstaafu kuthibitisha mara kwa mara kwamba yu hai, kazi iliyokuwa ikimpandisha basi hadi ofisini na ambayo siku hizi huweza kufanyika kwa simu janja, kwa kawaida simu ya mjukuu yuleyule.

Vitu vyenye thamani, kama dhahabu ya bibi, samani za mninga au mashine ya kusaga, huhitaji zaidi ya kupangwa. Sheria ya Kiislamu hutofautisha hiba na wasia: hiba ni zawadi ambayo mtu huitoa akiwa hai na hukamilika mpokeaji anapokabidhiwa kitu chenyewe, ilhali wasia hufanya kazi baada ya kifo, hauvuki theluthi ya mali, na haumpi mrithi nyongeza bila ridhaa ya warithi wenzake, tena zawadi inayotolewa katika maradhi ya mauti huhukumiwa kama wasia. Tofauti hizo zinampa mzee mwenye afya sababu ya kumkabidhi binti bangili zake mkononi, mbele ya ndugu, badala ya kumnong'oneza kwamba zitakuwa zake. Kwa anayechagua njia ya wosia wa maandishi, RITA, ambayo ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandaa na kuhifadhi wosia. Wapo wanaoona kuzungumzia mambo hayo wakati wa sikukuu ni kujitabiria kifo, na hofu yao inaeleweka, ila Mahakama za Mwanzo zina mashauri mengi ya mirathi ambayo chanzo chake ni ahadi iliyotolewa bila shahidi.

Wageni wakiondoka mwanzoni mwa Januari, stoo iliyofunguliwa huwa chumba kwa mara ya kwanza, na mzee huanza kufikiria dari, mpangaji, au vifaranga. Mara nyingi hesabu hizo hazifiki mbali. Muhula wa shule huanza mwezi huohuo, ada ya shule za serikali imefutwa hadi kidato cha sita, na mmoja wa watoto huona kwamba mwanawe atatulia zaidi akisoma akiwa kwa babu. Basi kitanda cha futi tatu na nusu kilichokuwa kimeshapatiwa mnunuzi hurudishwa ndani, pamoja na meza moja, na mnunuzi huombwa radhi.