Balehe Mbele ya Sheria (2): Funzo la Johannesburg

Mwili hubalehe kwa wakati wake, lakini mipaka ya uhuru wa kijana huwekwa na jamii, kulingana na jinsi inavyoutazama umri huo. Ikimwona kijana wa miaka 14 kuwa mtu anayejifunza kuamua, itampa mwongozo. Ikimwona kuwa hatari, itamwitia polisi. Afrika Kusini iliwahi kushika mitazamo yote miwili kwa pamoja. Sheria ya Watoto ya 2005 inamruhusu aliyefikisha miaka 12 kupata kondomu na dawa za uzazi wa mpango bila idhini ya mzazi, tena kwa siri. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 2007 ikafanya hata busu la hiari kati ya vijana wa miaka 12 hadi 15 kuwa jinai, na kumlazimu kila mwenye habari kuripoti. Hivyo binti aliyekwenda zahanati kutafuta kinga alikuwa akijishtaki, na muuguzi aliyepaswa kumtunzia siri alipaswa pia kumripoti.

Teddy Bear Clinic, kituo cha Johannesburg kinachohudumia watoto walionyanyaswa, kilikuwa miongoni mwa waliofungua shauri. Tarehe 3 Oktoba 2013, Jaji Sisi Khampepe wa Mahakama ya Katiba, iliyoko jijini humo, alisoma hukumu ya pamoja: vifungu hivyo vya sheria ya 2007 vinavunja utu, faragha na maslahi ya mtoto. Bunge likapewa miezi 18, na mwaka 2015 sheria ikarekebishwa.

Wapo wanaohofu kwamba kufuta jinai ni kuruhusu ngono za mapema. Hofu hiyo si ya kubezwa, maana mimba na VVU ni majanga ya kweli, na serikali yenyewe ilijitetea hivyo. Ila haikuleta ushahidi kwamba kitisho cha mashtaka kiliwazuia vijana. Kilichokuwa wazi ni kwamba kiliwaziba midomo mbele ya wale wanaoweza kuwasaidia. Wala mtu mzima hakuachiwa huru: anayefanya ngono na mtoto wa chini ya miaka 16 ni mhalifu, hata mtoto akikubali. Wengine watasema uhuru wa namna hii ni mambo ya kuiga. Lakini jando na unyago, pamoja na kasoro zake, vilikiri kwamba anayebalehe anastahili kufundwa kuhusu mwili wake, na hafundiki anayeogopa kuuliza. Ulinzi wa kweli humwachia kijana nafasi ya kusema.

Wiki ijayo tutaigeukia Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, iliyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, tuone ni uhuru wa nani uliokuwa ukilindwa.