Istilahi za Hali Inayonasibishwa na Sumaku-umeme

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea rasimu ya kijitabu cha afya akitaka tumthibitishie istilahi tatu. Kijitabu kilihusu watu wanaoumwa kichwa, kukosa usingizi, kuwashwa ngozi au kuchoka mno, nao huona kwamba chanzo ni nyaya za umeme, simu au minara ya mawasiliano. Hali hiyo aliiita "mzio wa mionzi"; mavazi yao akayaita "nguo za kinga"; na kule kujiunganisha na ardhi akakuita "kuweka waya wa ardhini". Maneno yote ni Kiswahili fasaha. Kasoro yake ni kwamba kila moja ladai jambo lisilothibitishwa.

Tuanze na mzio. Neno hili limekwisha kukubalika kwa hali ambayo kinga ya mwili hupambana na kitu kama vumbi au karanga, na daktari aweza kuupima. Hali tunayoizungumzia haina kipimo cha namna hiyo. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba dalili za watu hawa ni za kweli na zaweza kuwalemaza, ila hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na sumaku-umeme. Mapitio ya majaribio 31 yaliyohusu watu 725, yaliyochapishwa mwaka huohuo, hayakupata ushahidi thabiti kwamba mawimbi ndiyo huleta dalili pale mhusika asipojua kama chombo kimewashwa au kimezimwa. Hata hivyo mateso si ya kubuni. Huko Marekani wako waliohamia Green Bank, West Virginia, katika eneo ambalo tangu mwaka 1958 mawimbi ya redio yamedhibitiwa kwa ajili ya darubini za redio.

Neno mionzi nalo humkumbusha msomaji eksirei na tiba ya saratani, yaani nishati iwezayo kung'oa elektroni katika atomu. Mawimbi ya simu hayana uwezo huo. Kwa hiyo tunapendekeza "kutostahimili kunakonasibishwa na mawimbi ya sumaku-umeme". Ni istilahi ndefu, nakiri, na mhariri wa gazeti hataipenda. Lakini kitenzi nasibisha hakimwiti mgonjwa mwongo, wala hakimpi sababu isiyothibitishwa. Aliyeambiwa kwamba ana mzio wa mionzi aweza kwenda moja kwa moja kwa muuza vitambaa, hali upungufu wake wa damu haujapimwa.

Mavazi yenyewe yana asili ya heshima. Mwaka 1836 Michael Faraday alitengeneza chumba kilichofunikwa kwa madini, akaonyesha kwamba umeme wa nje haukupenya ndani. Vitambaa vya leo hufumwa kwa nyuzi za fedha au shaba. (Mfasiri na aandike "madini ya fedha", rasimu yetu ilisema nguo hizo "zina fedha nyingi ndani yake".) Huakisi mawimbi ya redio, lakini shingo na mikono hubaki wazi, na uga wa sumaku wa umeme wa nyumbani hupenya bila shida. Tena simu ikiwekwa ndani ya vazi hilo huongeza nguvu ili iufikie mnara. Neno "kinga" laahidi afya. "Nguo za kuakisi mawimbi" lataja kazi tu.

Istilahi ya tatu ndiyo ya hatari. Waya wa ardhini, ambao mafundi wengi huuita ethi, huunganishwa na kasha la chuma la chombo ili umeme uliovuja uende ardhini na fyuzi ikatike. Shuka au mkeka unaouzwa kwa watu hawa huunganisha mwili wenyewe, mara nyingi kupitia tundu la ardhi katika soketi. Hapo mtu akigusa waya wenye umeme, mkondo wapata njia ya kupita mwilini mwake hadi ardhini. Ndiyo sababu mafundi wa vifaa vya elektroniki, ambao hufunga mkanda wa namna hiyo mkononi ili kuondoa umemetuli, hutumia ule wenye ukinzani wa omu milioni 1. Dhana hizi mbili zikipewa jina moja, msomaji atadhani kwamba shuka lake ni kifaa cha usalama. Tumependekeza "kuunganisha mwili na ardhi".

Bado twatafuta nomino fupi kwa dhana hiyo, kwani "utuzo" imekwisha kuwa na maana nyingine. Walimu na mafundi wenye mapendekezo wanaombwa watuandikie.